Dereva mpya Uingereza: pointi sita, leseni hakuna

Mwezi uliopita mama mmoja msikilizaji wetu alituma ujumbe wa sauti kwenye namba ya kipindi cha asubuhi. Binti yake yuko England, anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwaka jana alifaulu mtihani wa udereva wa kule, akanunua gari dogo, akawa anazunguka kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine kuanzia alfajiri. Kisha siku moja akapiga simu nyumbani analia: leseni imefutwa. Hajagonga mtu, hajalewa. Kosa lake ni kuzidisha mwendo mara mbili. Mama alitaka kujua kama binti yake amedhulumiwa kwa sababu ni mgeni.

Hewani tulikuwa na dakika mbili tu za kumjibu, na simu zikazidi kuingia. Inaonekana wengi mna watoto, wadogo zenu au shemeji zenu kule, na wengi mlidhani leseni hufutwa kwa ajali au pombe tu. Ndiyo maana tumeandika haya, myasome taratibu na muwatumie ndugu zenu walioko huko.

Jibu fupi kwa mama ni kwamba hakudhulumiwa. Sheria iliyomkuta haiangalii mtu ametoka wapi. Ilipitishwa mwaka 1995 na ikaanza kutumika tarehe 1 Juni 1997, na tangu hapo imewafuata madereva wapya wote wa England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake, ambayo nayo ina ukomo wa pointi sita.

Pointi ni nini

Hapa kwetu Tanzania trafiki akikupiga tochi ukiwa umepita kibao cha 50 kwa mwendo wa 70, unaandikiwa faini ya shilingi 30,000, unalipa, safari inaendelea. Inauma mfukoni lakini imekwisha. Dereva wa mwezi mmoja na dereva wa miaka thelathini wanalipa ileile.

Kule faini ni nusu tu ya adhabu. Kila dereva ana kumbukumbu yake kwenye wakala wa leseni wa serikali, unaojulikana kwa herufi DVLA, wenye makao yake Swansea huko Wales. Ukifanya kosa, pamoja na faini unaandikiwa pointi kwenye kumbukumbu hiyo. Pointi hazilipwi zikaisha. Zinakaa, na kosa jingine likija zinajumlishwa.

Dereva wa kawaida akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu anapelekwa mahakamani, na kwa kawaida anazuiwa kuendesha kwa miezi isiyopungua sita. Dereva mpya hapewi nafasi yote hiyo. Kwa miaka miwili ya kwanza tangu siku aliyofaulu mtihani, ukomo wake ni pointi sita. Zikifika sita hazuiwi kwa muda halafu akarudishiwa. Leseni inafutwa kabisa, naye anarudi kuwa mwanafunzi kama siku ya kwanza.

Sasa hesabu yenyewe. Kosa la kawaida la mwendo ni faini ya pauni 100 na pointi tatu. Tatu na tatu ni sita. Ndiyo hiyo mara mbili iliyomliza binti wa mama yetu.

Na wakati mwingine mara moja inatosha. Mwendo ukizidi sana, kesi inakwenda mahakamani, na huko kosa la mwendo linaweza kupewa pointi tatu hadi sita. Kushika simu mkononi ukiwa unaendesha ni pointi sita na faini ya pauni 200 tangu mwaka 2017. Kuendesha bila bima ni pointi sita hadi nane. Kwa dereva mpya, kila moja ya makosa hayo linaweza kuondoka na leseni peke yake.

Jambo ambalo hata wenyeji wa kule hulishangaa ni kwamba hakuna pa kulilia. Dereva mwenye pointi 12 anaweza kusimama mbele ya mahakama akaeleza kwamba akizuiwa kuendesha, familia yake itapata shida isiyo ya kawaida, na mahakama ikaona huruma. Kwa pointi sita za dereva mpya, mahakama haina uamuzi huo. Inaandika pointi, DVLA inapata taarifa, na sheria inailazimisha DVLA kutuma barua ya kufuta. Kinachowezekana ni kukata rufaa dhidi ya hukumu yenyewe, kwamba kosa halikutendeka au adhabu ilizidi. Mawakili wa kule wana njia nyingine: kosa likiwa kubwa na limefika mahakamani, wanaomba mteja azuiwe kuendesha kwa siku chache badala ya kupewa pointi, kwa sababu kizuizi kifupi kikiisha leseni inarudi bila mtihani. Mahakama hailazimiki kukubali.

Nguzo ya taa ndiyo kibao

Tulijiuliza mtu mzima, mwangalifu, anawezaje kunaswa mara mbili ndani ya mwaka. Tulipozungumza na Watanzania wanaoendesha kule tukapata majibu mawili ambayo hayahusiani na kupenda mbio.

La kwanza ni maili. Magari ya Uingereza na vibao vyao vinahesabu maili kwa saa, si kilomita. Maili 30 ni kama kilomita 48. Mtu aliyezoea dashibodi ya gari la hapa akiona mshale uko kwenye 40 anaona anatambaa. Lakini 40 ya kule ni kilomita 64 kwa saa, na kwenye barabara ya maili 30 tayari ni kosa.

La pili ni vibao, au tuseme ukosefu wa vibao. Hapa tunajua kijiji kinaanza pale palipo na 50, na kinaisha pale penye 50 iliyokatwa. Kule England barabara yenye taa za barabarani zilizopangwa kwa karibu ni ya maili 30 hata kama huoni kibao cha kukukumbusha, isipokuwa pawe na kibao kinachosema vinginevyo. Nguzo za taa ndizo zinazokuambia. Nani angemweleza mgeni hilo, kama hakulisoma kwenye kitabu cha mtihani akalikumbuka saa kumi na moja alfajiri akiwahi kwa mzee wa kwanza? Ukivuka kuingia Wales, tangu tarehe 17 Septemba 2023 barabara nyingi za namna hiyo zimeshushwa hadi maili 20, yaani kilomita 32 kwa saa. Bodaboda wetu akiwa na abiria wawili na gunia anaizidi hiyo.

Halafu kuna kamera. Wale wanaojua kuwashiana taa barabarani kuonyesha kwamba trafiki wako mbele, ujanja huo hauna kazi mbele ya kamera za wastani. Moja inapiga picha namba ya gari mwanzo wa kipande cha barabara, nyingine mwishoni, na kompyuta inagawa umbali kwa muda. Ukipunguza mwendo kwenye kamera halafu ukakimbia katikati, hesabu inakutoa.

Kuna nafuu moja. Dereva akizidisha kidogo, polisi wanaweza kumwalika kwenye kozi ya mwendo badala ya pointi. Kwa barabara ya maili 30, kwa kawaida ni waliopimwa kati ya 35 na 42. Analipia kozi mwenyewe, anakaa saa chache kusikiliza, na hakuna pointi. Lakini kozi hiyo hairudiwi ndani ya miaka mitatu, na hakuna aliye na haki ya kuidai. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaoikataa wakiona ni usumbufu, wakachagua kulipa faini yaishe. Kwa dereva mpya hayaishi: faini ile inakuja na pointi tatu, na hapo amebakiwa na nafasi ya kosa moja tu.

Miaka ishirini ya nyumbani haihesabiwi

Hili ndilo linalowauma zaidi watu wetu. Mtu ameendesha fuso kutoka Makambako hadi Dar es Salaam miaka kumi na tano, ana leseni safi, anafika Uingereza anaambiwa ni dereva mpya.

Iko hivi. Anayehamia kule na leseni ya Tanzania au Kenya anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu aanze kuishi huko. Baada ya hapo leseni ile haitambuliki. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kama Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha. Lazima aombe leseni ya kujifunzia, ile wengi mnayoiita lena, afanye mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa barabarani. Siku anayofaulu ndiyo siku ya kwanza ya ile miaka miwili. Sheria inahesabu mtihani wa kwanza uliofanywa kule au katika nchi chache za Ulaya inazozitaja, na mtihani wa Dodoma au Nairobi haumo.

Sisi tunaona hapo sheria inambana mtu mzima kwa kipimo kilichoshonwa kwa kijana wa miaka 18. Lakini ndivyo ilivyo, na ni bora ndugu yako alijue hilo siku anapofaulu kuliko siku barua inapofika.

Tarehe inayoangaliwa ni ya kosa, si ya kesi. Ukizidisha mwendo miezi 23 baada ya kufaulu, na mahakama ikaamua mwezi wa 27, bado uko ndani. Na pointi alizopata mtu akiwa bado mwanafunzi hazisahauliki. Kama ana tatu za wakati ule ambazo bado ziko hai, kosa moja la tatu baada ya kufaulu linatimiza sita.

Barua ambayo hukuijibu

Kosa likipigwa na kamera hakuna trafiki anayekusimamisha. Barua inatumwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa, na kwa kawaida inatakiwa imfikie ndani ya siku 14. Barua hiyo haimtozi faini bado. Inamuuliza: nani alikuwa anaendesha? Ana siku 28 za kujibu.

Hapa ndipo kosa dogo hugeuka kubwa. Mtu ameazima gari kwa rafiki, au ameshahama nyumba bila kuwaarifu DVLA anwani mpya, barua inakaa kwenye sakafu ya nyumba ya zamani. Au anaiona, anaogopa, anaiweka kwenye droo akitumaini itapita. Kutojibu ni kosa lake peke yake, na adhabu yake ni pointi sita pamoja na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Maana yake dereva mpya aliyepimwa maili 36 kwenye barabara ya 30, ambaye angeweza kupewa kozi tu, anapoteza leseni kwa kunyamaza.

Wapo pia wanaotafuta mtu wa kubeba pointi. Mume ana leseni ya siku nyingi, anasema mimi ndiye niliyekuwa naendesha, pointi tatu kwangu si kitu. Huko kunaitwa kupotosha haki, na watu wanafungwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chris Huhne, aliyewahi kuwa waziri wa nishati. Mwaka 2003 gari lake lilipigwa na kamera kwenye barabara kuu, na mke wake wa wakati huo, Vicky Pryce, akakubali kuandikiwa pointi hizo ili yeye asifungiwe leseni. Ndoa ilipovunjika siri ikatoka. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi minane jela. Chanzo ni pointi tatu. Huhne hakuwa dereva mpya, lakini ndugu yako akiambiwa na rafiki kwamba jambo hilo ni la kawaida, mkumbushe kisa hicho.

Baada ya kufutwa

Barua ya DVLA ina tarehe. Kuanzia tarehe hiyo mtu si dereva tena. Akiendesha, anaendesha bila leseni, bima inaweza isimlinde, polisi wanaweza kulikamata gari, na pointi za kukosa bima zinamwongezea mzigo.

Njia ya kurudi iko wazi, ila ni ndefu. Anaomba upya leseni ya kujifunzia, kwa ada. Mtihani wa nadharia ni pauni 23, wa barabarani pauni 62 siku za kazi. Fedha hizo zinavumilika. Kinachoumiza ni foleni: tangu wakati wa korona, kupata tarehe ya mtihani wa barabarani imekuwa kazi ya kusubiri miezi. Katika kusubiri huko anaweza kuendesha, lakini akiwa na kibao chenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, na pembeni yake awe na mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili kwa miaka mitatu. Hawezi kwenda peke yake kwa mzee saa kumi na moja alfajiri. Kwa anayefanya kazi ya kuhudumia majumbani, hasa vijijini ambako basi hupita mara chache, kufutiwa leseni kunaweza kuwa ndiyo kupoteza kazi, na anayetumiwa ada ya shule huku kwetu ataisikia habari hiyo kabla ya mwezi kwisha.

Kwa nini wanawabana wapya

Hoja yao ni kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari. Takwimu inayotajwa mara nyingi kule ni kwamba dereva mmoja kati ya watano hupata ajali ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kufaulu. Mtihani unapima kama unajua kugeuza gari na kusoma vibao. Haupimi utafanya nini ukiwa peke yako, umechelewa, mvua inanyesha.

Na mwendo hauongezi hatari kwa kipimo sawa na unavyoongezeka wenyewe. Kitabu rasmi cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema gari lenye mwendo wa maili 30 linahitaji mita 23 hadi lisimame, kuanzia dereva anapoona hatari. Kwa maili 40 ni mita 36. Kwa maili 60, ambayo ni mara mbili tu ya 30, ni mita 73, zaidi ya mara tatu. Pima mita 73 kwenye uwanja wa mpira wa kijijini kwako: ni kutoka goli moja hadi ndani kabisa ya nusu ya pili. Mtoto akikatiza mbele yako mita 40, kwa mwendo wa 30 unasimama ukimtazama. Kwa 60 hujaanza hata kupunguza sawasawa.

Uingereza haiko peke yake. Ujerumani humweka dereva mpya kwenye miaka miwili ya majaribio, na kuzidisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 20 kunairefusha hadi minne pamoja na darasa la lazima. Ufaransa hufanya kinyume: wengine huanza na pointi 12 za kupunguziwa, dereva mpya anaanza na sita.

Ukiwa na ndugu kule, kuna jambo moja la kumwambia leo. Kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza dereva anaweza kuona pointi zake bila malipo, kwa kutumia namba ya leseni, namba yake ya hifadhi ya jamii na msimbo wa posta. Aangalie pia kama anwani iliyoandikwa pale ndiyo anayoishi sasa.

Binti wa mama yetu ameshapata leseni ya kujifunzia na anasubiri tarehe ya mtihani. Mwajiri wake amempangia wazee watatu wanaofikika kwa miguu, saa za kazi zimepungua, mshahara nao. Mama ametuuliza swali moja zaidi: akifaulu tena, ile miaka miwili inaanza upya? Haianzi. Kipindi cha udereva mpya ni kimoja tu. Lakini pointi sita za zamani zinabaki kuhesabiwa hadi miaka mitatu ipite tangu siku ya kila kosa, na akipata sita nyingine kabla ya hapo atakuwa na 12, ambazo humpeleka mahakamani kama dereva mwingine yeyote.